Bei ya Gari Kuukuu Haiishii Bandarini

Matangazo ya magari yanayouzwa Tanzania yana lugha yake. "Namba E, rangi yake mwenyewe, AC inagandisha, njoo na fundi wako." Anayesoma hivyo hupata picha ya gari jipya. Lakini herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao cha namba inaeleza jambo moja tu: gari liliandikishwa lini nchini. Haielezi lilitoka lini kiwandani. Toyota IST iliyoundwa Japani mwaka 2004 na kuandikishwa Dar es Salaam miaka ishirini baadaye inavaa namba E sawasawa na gari lililoundwa juzi.

Miaka hiyo ishirini haionekani kwenye kibao, lakini imo kwenye mpira wa bushi, kwenye gasketi, kwenye mabomba ya maji na kwenye oili ya gia boksi. Hiyo ndiyo itakayodai pesa. Familia nyingi za mjini hukusanya akiba kwa miaka, huongezea mkopo wa SACCOS, hulipa gari, ushuru na bima, kisha hubaki bila hata pesa ya kununua feni belti. Mwaka haujaisha gari liko gereji, na lawama zote zinatupiwa uzee wake.

Lawama hizo hazina haki. Gari kuukuu linaweza kuwa tegemeo la kweli, kwa masharti mawili. La kwanza, mwenye gari alitengee fungu la matengenezo tangu siku anapolinunua. La pili, serikali inayolitoza kodi kwa sababu ya umri wake ilikague pia hali yake mwaka hadi mwaka. Afrika Mashariki masharti yote mawili yanalegalega, na gharama yake inalipwa na watu wasiostahili kuilipa.

Inafaa kuanzia yanakotoka magari yenyewe. Nchini Japani gari jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Humo mna ada ya ukaguzi, kodi ya uzito na bima ya lazima, na chochote kilichochakaa kupita kiasi lazima kibadilishwe ndipo gari liruhusiwe barabarani. Gari la kawaida la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda kwa karibu asilimia 15. Mjapani anayeona ukaguzi mwingine unakaribia anapiga hesabu, anaona nafuu yake ni kulipeleka gari mnadani. Gari bado linatembea vizuri, mwili wake haujaoza, viti vyake ni visafi.

Ila linauzwa wakati uleule ambapo vifaa vingi vinafikia mwisho wa maisha yake kwa pamoja. Karibu na kilometa 100,000 au miaka kumi, plagi zinadai kubadilishwa, pampu ya maji inaanza kulia, shokapu zimechoka, mipira inayobeba injini imekakamaa, na kwa injini zenye taimingi belti, mkanda huo haupaswi kusubiri tena. Kwenye magari kadhaa ya dizeli ya Toyota kuna taa ya dashibodi inayowaka kwa ajili ya belti hiyo pekee, hesabu ya kilometa ikitimia. Mnunuzi wa Mwanza au Eldoret analipokea gari siku chache kabla ya ankara hiyo kufika, na hakuna aliyemwambia kwamba inakuja.

Jambo hili si la watu wachache. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika. Uchunguzi wa Uholanzi wa wakati huohuo ulionyesha kuwa magari mengi yaliyosafirishwa kutoka bandari zake kuja Afrika yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20. Sehemu kubwa ya bara inaendeshwa kwa magari ambayo wengine wameona hayafai tena kutengenezwa.

Hata hivyo yanatengenezeka. Kinachoyaua haraka ni tabia ya kuahirisha na tiba za mkato, na mfumo wa kupoza injini ndio unaoonyesha hilo waziwazi kuliko kitu kingine chochote.

Gari linashuka bandarini likiwa na kulanti, yale maji ya pinki, mekundu au ya kijani yenye kemikali za kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Siku moja bomba la mpira linavuja. Fundi analifunga, kisha anajazia maji ya bombani. Miezi inapita, kutu na ukoko wa chumvi vinajengeka ndani ya rejeta, njia zinaziba, na gari linaanza kuchemsha kwenye foleni. Hapo inakuja tiba inayojulikana gereji nyingi: fundi anang'oa thermostati na kueleza kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Sindano inashuka, mwenye gari anashukuru na kulipa.

Kazi ya thermostati ni kuiwezesha injini ipate joto lake la kazi upesi, karibu nyuzi 90, na kubaki hapo. Ikitolewa, injini inatembea ikiwa baridi, kompyuta inaendelea kuimwagia petroli kana kwamba imewashwa sasa hivi, unyevu unabaki ndani ya oili, na ugonjwa wa rejeta upo palepale, umefichwa tu. Siku njia zinapoziba kabisa, gasketi ya silinda hedi inaungua. Fundi anafungua kifuniko cha oili na kukuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Maji na oili vimechanganyika. Bomba la mpira ambalo lingebadilishwa asubuhi moja limezaa ovahoo. Kwa injini ya dizeli ya 1KZ-TE, iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, kuchemsha vibaya mara moja tu kunatosha kupasua silinda hedi yenyewe.

Kuna gharama nyingine isiyoingia kwenye risiti ya gereji. Tuseme gari dogo linatembea kilometa 15,000 kwa mwaka. Likiwa zima na kwenda kilometa 12 kwa lita, litakunywa lita 1,250. Thermostati haipo, plagi zimechoka, sensa ya oksijeni imekufa, matairi hayana upepo wa kutosha: hitilafu hizo ndogo zikikutana zikalishusha hadi kilometa 9 kwa lita, gari hilohilo litakunywa karibu lita 1,670. Kwa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni zaidi ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Mwenye gari aliyesema hana pesa za matengenezo amezitoa zote, ila amezitoa kituo cha mafuta, kidogo kidogo, na gari lake bado bovu.

Sensa hiyo ya oksijeni nayo ina kisa chake. Ndani ya bomba la moshi la gari la petroli mna masega, kifaa kinachosafisha hewa chafu kabla haijatoka. Masega yana madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Wapo wanaoyanunua, kwa hiyo wapo wanaowashawishi wenye magari kuyatoa, na wapo wanaoyatoa bila kumwambia mwenye gari. Baadaye sensa ya oksijeni inabaini kuwa masega hayapo, taa ya injini inawaka dashibodini, na dawa inayotolewa mara nyingi ni kuizima taa. Afrika Mashariki iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006 ili, pamoja na mambo mengine, vifaa kama hivyo viweze kufanya kazi. Kuving'oa gereji ni kuirudisha hewa mbaya mitaani kwa mkono wetu.

Gia boksi za otomatiki zinakufa kwa njia inayofanana. Gari lenye CVT, yaani gia boksi inayotumia mkanda wa chuma na puli, lina oili yake maalumu. Likiwekewa oili ya kawaida ya otomatiki, mkanda unateleza, vyuma vinasagana, na baada ya muda gari linashindwa kupanda mlima. Aina ya oili imeandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini kitabu ni cha Kijapani, na mara nyingi hakikufika na gari. Hapa fundi halaumiwi peke yake. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi wa magari, lakini gereji nyingi za mitaani zimejaa vijana waliojifunza kwa kutazama, ambao hawajawahi kupewa maelezo ya mashine wanazozifungua.

Kutokana na haya, imani kwamba gari jipya zaidi lazima litakuwa na gharama ndogo inahitaji kupimwa upya. Wakenya wanaonunua Mazda CX-5 ya dizeli, gari lililoanza kuuzwa 2012, wamekutana na kichujio cha masizi kinachoziba kwa safari fupifupi za mjini. Volkswagen zenye gia boksi ya DSG ya gia saba na klachi kavu ziliwahi kuitwa zirudi kwa mawakala kwa wingi duniani mwaka 2013, na zikiharibika huku zinahitaji mashine na ujuzi ambao gereji chache zinao. Mercedes C-Class yenye injini ya M271 ina sifa ya mnyororo wa taimingi kulegea. Magari haya huuzwa Japani na Uingereza kwa bei inayovutia, na bei hiyo ina sababu. Upande wa pili kuna IST na Vitz za kizazi cha kwanza, zenye injini ndogo za mnyororo na gia boksi ya kawaida ya gia nne, ambazo fundi wa wilaya yoyote anazifahamu. Miaka zaidi, gharama pungufu.

Hata Toyota kwa Toyota hazilingani. Noah za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuja na injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Ni ubunifu mzuri kwa nchi yenye mafuta safi na huduma isiyoruka tarehe. Vikikosekana, pampu na nozeli zake zinaleta matatizo na njia za hewa zinajaa masizi. Leo mnunuzi mzoefu wa Noah, kabla hajauliza bei, anauliza kama injini ni D4.

Swali hilo la mnunuzi linafaa kuliko kuuliza mwaka wa gari. Linalofuata kwa uzito ni spea zake zinapatikana wapi. Toyota kuukuu linashikilia bei kwa sababu mlango wake, taa yake, rejeta yake na hata injini yake nzima vinapatikana Shaurimoyo, Ilala. Kwa Nairobi vipo barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wanaiita Grogan, na kwa Kampala vipo soko la Kisekka. Hapo mwenye gari anakabiliwa na uamuzi mgumu: kifaa halisi kilichotumika, kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani, au kipya cha bei chee kilichofungwa kwenye boksi lenye nembo ya kuiga. Kwa taa, mlango, kioo au alteneta, cha mtumba halisi mara nyingi kinafaa. Kwa breki pedi, bol joint, belti na mabomba ya mpira, kuchukua kilichotumika ni kununua uchakavu wa mtu mwingine, na kuchukua cha kuiga ni hatari zaidi. Huko bei isiwe kigezo cha kwanza.

Mambo mawili hayaonyeshwi kamwe kwenye tangazo, na yote yanahusu uhai.

La kwanza ni matairi. Kwenye ubavu wa kila tairi mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2316 maana yake tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake umekufa. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano, na likifika kumi litolewe hata kama linaonekana zima. Magari mengine ya Japani, hasa yaliyotoka mikoa ya kaskazini yenye theluji, huja na matairi ya majira ya baridi, yenye neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, umeundwa kushika barafu. Kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana unaisha upesi na hausimamishi gari inavyotakiwa.

La pili ni mfuko wa hewa kwenye usukani. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda vifaa vya kuipuliza mifuko hiyo kwa kutumia kemikali ya amonia naitreti, ambayo kwa miaka ya joto na unyevunyevu inaharibika. Gari likigonga, kifaa kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu walikufa, watengenezaji waliyaita makumi ya mamilioni ya magari duniani kote yabadilishwe kifaa hicho bure, na Takata iliomba kufilisiwa Juni 2017. Miongoni mwa magari yaliyohusika ni Toyota Corolla na Vitz, Honda Fit na Nissan X-Trail za miaka fulani, yaani magari yaleyale yanayojaa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, miji ya joto na unyevu. Japani ilianza mwaka 2018 kuyanyima cheti cha shaken magari ya kundi la hatari ambayo hayajabadilishiwa kifaa. Yaliyokuwa yameshasafirishwa kabla ya hapo hayakuguswa na sheria hiyo. Namba ya chasisi inatosha kumwezesha mwenye gari kumuuliza wakala wa mtengenezaji kama gari lake limo kwenye orodha, na ni wachache sana waliowahi kuuliza.

Malori yana hesabu yake, na ndiyo nzito kuliko zote. Scania 113, iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1980, bado inapendwa na wasafirishaji. Fuso za zamani bado zinabeba nyanya, mbao na mahindi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na turbo, iliyoanza 1990, bado ndiyo inayoaminiwa kwenda kusiko na lami. Sababu ni moja: mashine hizi zina umeme mchache, na fundi wa Makambako au Tunduma anaweza kuzifungua kwa spana na akili yake. Malori mapya kutoka Ulaya yanatumia mafuta kidogo zaidi na yanatoa moshi msafi, lakini yana sensa, vichujio na mfumo wa kusafisha moshi unaohitaji kimiminika chake maalumu. Sensa moja ikigoma, lori la tani thelathini linapungua nguvu katikati ya safari, na mzigo unasubiri mtu mwenye kompyuta.

Ukweli huo unawapa wenye malori makuukuu haki ya kuyatetea. Hauwapi haki ya kuyapeleka barabarani bila breki.

Breki za lori zinatumia upepo. Kompresa inaujaza kwenye mitungi, dereva akikanyaga, upepo unasukuma lainingi zishike ngoma za magurudumu. Gurudumu moja likivuja, njia sahihi ni kubadilisha kilichopasuka. Njia ya mkato ni kuibana ile hozi ya upepo kwa waya, gurudumu lile lisipate breki kabisa, safari iendelee kwa yaliyobaki. Tambarare dereva hasikii tofauti. Akifika kwenye mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, au ule wa Salgaa nchini Kenya, magurudumu machache yanabeba kazi ya yote, ngoma zinapata moto, lainingi zinapoteza mshiko, na hapo hakuna tena cha kufanya.

Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, nje kidogo ya Jiji la Arusha, lori liliyagonga magari mengine matatu. Watu 25 walifariki. Taarifa ya awali ya polisi ilitaja kufeli kwa breki za lori. Hakuna hata mmoja kati ya waliokuwa kwenye magari mengine aliyekuwa na sauti juu ya matengenezo ya lori lile.

Ndiyo maana suala la matengenezo haliwezi kuachwa kuwa siri ya mwenye gari na fundi wake. Serikali zimeliona kwa sehemu. Kenya inakataa gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo, iliweka bei. Gari dogo lenye umri wa miaka minane hadi kumi linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na lililozidi miaka kumi asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18.

Ushuru huo una mantiki, lakini unatazama siku moja tu. Gari linakaguliwa linapoingia, linalipiwa, linaandikishwa, na baada ya hapo gari binafsi linaweza kumaliza miaka kumi barabarani bila kupandishwa hata mara moja kwenye mashine ya kupima breki. Zamani mwenye gari wa Tanzania alirudi kila mwaka kulipa ada ya leseni ya gari. Bajeti ya 2017/18 iliifuta ada hiyo, na fidia yake ikaingizwa kwenye bei ya mafuta. Usumbufu uliondoka, na pamoja nao ukaondoka wakati mmoja wa mwaka ambapo serikali na gari zilikutana. Iliyobaki ni bima.

Uingereza inalipima gari kila mwaka likishafikisha miaka mitatu, na matokeo yake, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo, yanaweza kuonwa na yeyote kwenye mtandao bila malipo kwa kuandika namba ya gari. Ujerumani inapima kila baada ya miaka miwili. Hakuna anayejali huko gari ni la mwaka gani ikiwa breki zinashika, usukani haulegei na chasisi haijaoza. Gari la miaka 25 linapita, la miaka sita linakataliwa.

Tanzania inaweza kufanya hivyo bila kuanzisha urasimu mpya kabisa. Bima tayari inasajiliwa kwa mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima. Kwa gari lililozidi miaka kumi tangu liundwe, bima isitolewe bila cheti cha kipimo cha vitu vinne: breki, matairi, usukani na taa. Kipimo kifanywe kwa mashine, karatasi itoke na tarakimu, na tarakimu ziingie kwenye mfumo pamoja na kilometa. Malori na mabasi yapimwe mara mbili kwa mwaka. Sehemu ya ule ushuru wa uchakavu, ambao wenye magari makuukuu wameshaulipa, ijenge vituo hivyo mikoani na igharimie mafunzo ya mafundi wa mitaani.

Wapo watakaosema kipimo kitazaa mlango mwingine wa rushwa, na hofu yao ina msingi. Mashine inayochapisha nguvu ya breki ya kila gurudumu na kuipeleka moja kwa moja kwenye mfumo ni ngumu kuhongwa kuliko mtu anayezunguka gari kwa macho kando ya barabara. Wapo watakaosema mzigo utawaangukia maskini. Wanaosafiri kwa daladala, wanaovuka barabara kwa miguu na wanaoendesha bodaboda ndio wanaogongwa na gari lisilo na breki. Maskini tayari wanalipa. Kipimo kingewafaa hata wenye magari wenyewe, maana kingewaonyesha breki iliyochoka ikiwa bado inatengenezeka kwa pesa ndogo.

Lakini sheria itachukua muda, na magari yanashuka bandarini kila wiki. Mnunuzi ana kinga zake leo. Adai karatasi ya mnada ya Japani, inayotoa alama za gari na kuandika herufi R kwa gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Alinganishe kilometa zake na zilizo kwenye cheti cha usafirishaji. Kwa gari la Uingereza, atazame historia ya vipimo vyake kabla hajatuma hata shilingi. Anayenunua kwa mtu nchini aombe injini iwashwe ikiwa ya baridi, asubuhi, kabla haijapashwa moto na muuzaji.

Zaidi ya yote, mwenye shilingi milioni kumi na tano asinunue gari la milioni kumi na tano. Anunue la milioni kumi na mbili, na siku ya kwanza, kabla ya redio na vioo vya giza, abadilishe oili zote, kulanti, filta, belti, mafuta ya breki na matairi yaliyopita umri, aandike tarehe na kilometa kwenye daftari litakalokaa ndani ya gari. Na Wizara ya Fedha, inapoandaa bajeti ya Juni, iwajibu Watanzania waliolipa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu: fedha hizo zimekagua breki za magari mangapi?